Gaudiosa na Maji ya Mlimani

Gaudiosa Kapinga hakuyaamini maji ya ziwa hata siku moja. Aliyafulia, aliyaoga, ila kuyanywa ni hapana, na kuyaingiza kwenye kazi yake ya maabara ndiyo kabisa, asimwambie mtu. Alizaliwa Mapera, juu kwenye baridi, katika nyumba ya kahawa na mahindi, mahali ambapo maji hutoka ubavuni mwa mlima yakiwa baridi mpaka yanauma meno. Mtoto wa huko hukua akijua jambo moja bila kufundishwa, kwamba watu wa ziwani hunywa maji yaleyale wanayoogea. Watu wa ziwani nao wanajua kwamba watu wa milimani huoga mara moja kwa juma, tena kwa kusukumwa. Utani huo ni wa siku nyingi na sijawahi kusikia mtu akiomba ukomeshwe.

Alipangiwa kituo cha afya cha Lundumbi, pale ufukweni, mwaka wa tisini na saba, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, cheti cha usaidizi wa maabara na sweta mbili ambazo hakuzivaa tena. Haukuwa mpango wake wa kwanza. Alitaka aendelee na masomo awe mwalimu, lakini miaka hiyo ndiyo chama cha ushirika kilianza kuyumba, wanunuzi binafsi wakaingia Mbinga na malori yao na mizani yao, na baba yake hakujua tena amuuzie nani wala lini. Nafasi ya kozi ya maabara ikatokea, Gaudiosa akaikamata. Kumbe macho yake yalikuwa yameshaandaliwa zamani. Tangu utotoni, kila msimu wa kahawa, mama yake alikuwa akimketisha mbele ya kitanda cha kuanikia na kumwambia atoe punje mbovu aache nzima. Mtu aliyechambua kahawa miaka kumi hachoki upesi kutazama vitu vidogo.

Lundumbi walimsubiri kwa hamu. Kabla yake, mtu akikohoa majuma matatu, makohozi yake yalitiwa kwenye kikopo, kikopo kwenye boksi, boksi kwenye lori lililopanda Mbinga mara moja kwa juma likitaka. Mengine yalikauka njiani, mengine yalimwagika kwenye magunia ya usipa, vile visamaki vya ziwani, na majibu yalirudi baada ya mwezi mzima. Mara mbili majibu yalirudi na mwenyewe ameshazikwa. Basi ukaja mradi wa kuweka hadubini katika vituo vya mbali, ili kifua kikuu kijulikane hukohuko kilipo na kuhesabiwa hukohuko, halafu hesabu ipande kila miezi mitatu mpaka Mbinga, Songea na Dar es Salaam. Hadubini ya Lundumbi haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo cha kunasa mwanga wa jua, na siku ya mawingu Gaudiosa aliihamishia dirishani, akaifuata nayo ile nuru kama kuku anayefuata jua la asubuhi.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya duka la ushirika, bado kinanuka sabuni ya mche na mafuta ya taa. Gaudiosa alikipaka chokaa pamoja na Mzee Damiano, mhudumu wa kituo, Mnyasa wa pale pale, mtu mwenye ndevu nyeupe na mdomo usiokaa kimya. Mzee Damiano ndiye aliyefagia, aliyechemsha sindano, aliyewatuliza watoto na aliyechota maji. Maji ya kituo yalitoka ziwani, hatua mia moja kutoka mlangoni.

"Haya kwangu hayafai," Gaudiosa alimwambia siku ya kwanza.

"Yana nini, mwanangu?"

"Yana samaki, baba."

"Samaki wenyewe wanaishi humo na hawajalalamika," Mzee Damiano akajibu, lakini akamsikiliza.

Nyuma ya shule palikuwa na tangi la saruji la zamani, lililopokea maji ya bomba yaliyoteremka kwa mserereko kutoka milimani. Siku nyingine yalitoka, siku nyingine yalikohoa tu. Gaudiosa alipoyaonja mara ya kwanza nusura atoe machozi, kwa jinsi yalivyomkumbusha kwao. Tangu siku hiyo Mzee Damiano alifunga dumu nyuma ya baiskeli kila asubuhi na kwenda dakika ishirini kuyafuata, huku nyuma yake likimeta ziwa ambalo mtu hawezi kuona ng'ambo yake siku ya ukungu. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walimuuliza anakokwenda, naye aliwajibu kwa sauti kubwa, "Ninakwenda Mapera kumchotea maji bibi harusi." Gaudiosa aliyasikia akacheka. Maji aliyachemsha, akayapoza, akayatia kwenye chupa, na kwayo alichanganyia dawa zake na kusuuzia slaidi zake.

Kazi hiyo si ngumu kuieleza. Makohozi hupakwa kwenye slaidi, yaani kipande cha kioo, yakakauka. Humwagiwa dawa nyekundu na kupashwa moto wa spiriti, kisha huoshwa kwa dawa kali inayofuta wekundu wote, isipokuwa kwenye vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo vina ukaidi wa kukataa kuoshwa. Mwisho hutiwa dawa ya bluu. Ukitazama, unaona uwanja wa bluu, na kama ugonjwa upo, unaona vijiti vyekundu vimelala humo. Kati ya dawa na dawa, kioo husuuzwa kwa maji.

Miezi mitatu ya kwanza Gaudiosa aliona wagonjwa wanne. Mingine mitatu, wanne tena. Kisha zikaja zile mvua kubwa zilizobomoa barabara na kuteremsha udongo wa mlimani mpaka ziwani, na zilipokatika, hesabu ikaruka. Katika miezi mitatu tu walipatikana kumi na wanne.

Mratibu wa kifua kikuu wa wilaya, Bwana Mansuetus, aliteremka na pikipiki yake kuja kuchukua fomu, akazisoma akiwa bado amevaa helmeti. Alifurahi kwa namna wanavyofurahi watu wa takwimu, yaani alifurahia wagonjwa.

"Dada Gaudiosa, hakuna kituo kinachoibua watu kama hiki," alisema. "Mkoa umeshaandika kwamba ufukwe huu una tatizo kubwa, na wewe ndiye uliyelifichua. Wageni wa mradi wanakuja Ijumaa ya wiki ya tatu kukuona. Nadhani watakuja na hadubini ya taa. Na kozi ya Dar es Salaam, jina lako lipo."

Nisiseme uongo, kichwa kilimvimba. Alimwandikia mama yake barua ya kurasa mbili. Alimwomba Mzee Damiano apake tena chokaa. Hata mganga mfawidhi, Aidan, kijana mpole aliyependa amani kuliko kitu kingine chochote, alianza kumtambulisha kwa watu kama "mtaalamu wetu".

Sasa, kati ya wale kumi na wanne alikuwemo Kunigunda, ambaye kijijini wengi walimwita Mama Getrude. Huyu alikuwa mwanamke wa kifua kipana na sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya maji. Kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi na kuwauzia wachuuzi wa malori. Alikohoa, ndiyo, na nani asingekohoa akiinamia moshi tangu alfajiri. Gaudiosa alimpima, akaona vijiti vitatu vinne, akamwandika. Tangu hapo Kunigunda alifika kila asubuhi kumeza vidonge mbele ya macho ya mhudumu, kama ilivyotakiwa, na mkojo wake ukawa mwekundu kama kawaida ya dawa zile. Nyumbani alitengewa sahani na kikombe. Wachuuzi waliposikia, wakaanza kupita mbele ya matenga yake wakitazama upande mwingine. Mumewe, Placidi, mvuvi, aliitwa naye apimwe kwa kuwa wanalala nyumba moja, akakataa katakata. Alisema yake ni baridi ya ziwani, na kwamba mashine inayomwandika Kunigunda mgonjwa inaweza kumwandika hata mbuzi.

Siku ya ishirini na nne ya dawa, Kunigunda alimeza vidonge vyake, akakataa kuondoka.

"Dada, nitazame," alisema. "Mtu wa kifua kikuu si anakonda?"

"Mara nyingi anakonda, Mama Getrude."

"Mimi gauni zinanibana. Mtu wa kifua kikuu si anatoka jasho usiku na kukosa nguvu? Jana nimebeba matenga mawili kutoka ufukweni mpaka barabarani. Shikamoo nyingi nimepokea, pole sijapokea. Nieleze ugonjwa wangu uko wapi, maana wateja wangu wote wameuona isipokuwa mimi."

Wanawake waliokuwa wakisubiri kliniki wakacheka. Gaudiosa naye akatabasamu, akamwambia dawa ndizo zinazomfanyia kazi. Lakini maneno yale yalimkaa. Kunigunda hakuwahi kuwa mgonjwa hata kabla ya dawa, na Gaudiosa alilijua hilo, ila wakati ule alikuwa ameshughulika na vijiti vyake hakumtazama mwenye makohozi.

Slaidi zote zilihifadhiwa kwenye boksi ili mratibu aje azikague. Alasiri, jua likiwa zuri, aliitoa ya Kunigunda na kuiweka chini ya hadubini. Vijiti vilikuwepo, palepale alipoviona. Akasogeza kioo polepole, kama alivyofundishwa kusogeza mkono juu ya kahawa, mstari baada ya mstari, mpaka makohozi yalipokwisha na kubaki kioo kitupu, karibu na namba aliyoikwaruza. Hapo ndipo alipokiona kijiti chekundu kimelala peke yake. Kando yake kingine. Makohozi yaliishia huku, vijidudu vikaendelea na safari.

Alitoa kioo kipya kwenye pakiti, akakifuta, hakupaka kitu chochote. Akakipitisha kwenye dawa zote kama cha mgonjwa. Kilipokauka akatazama. Alihesabu vijiti sita vyekundu kwenye kioo ambacho hakuna mtu aliyekikoholea.

Alijaribu kioo cha pili na cha tatu, vikatoka vilevile. Akabadili dawa nyekundu, akatumia chupa iliyofika kutoka Mbinga imechanganywa tayari. Vijiti vikapungua lakini vikawepo. Akabaki na kitu kimoja tu ambacho hakuwa amekibadili, na hicho moyo wake haukutaka kukigusa. Kisha akamwita Mzee Damiano.

"Baba, naomba uniletee maji."

"Dumu limejaa, nimelileta asubuhi."

"Si hayo. Ya ziwa."

Mzee Damiano alimtazama kana kwamba amemwomba amletee mamba. Hata hivyo alikwenda, akaingia mpaka kiunoni, akachota mbali na ufukwe. Gaudiosa aliyachuja kwa pamba na karatasi ya kuchujia, akachanganya dawa upya, akasuuza vioo vitano vitupu. Alivitazama kimoja kimoja mpaka shingo ikamuuma. Uwanja wa bluu, uchafu wa hapa na pale, na hapakuwa na kijiti chekundu hata kimoja.

Jioni wakaenda wote wawili kwenye tangi. Mzee Damiano alichomoa mpira uliounganisha bomba na koki, akauminya, ukatoka utelezi wa rangi ya kutu, mnene kama uji wa mtoto. Gaudiosa akakumbuka mstari mmoja wa daftari lake la kozi, ambao aliuandika kwa sababu mwalimu alisema waandike: vipo vijidudu vinavyoishi kwenye mabomba na matangi, havimdhuru mtu, lakini ni ndugu wa vile vya kifua kikuu na vinashika rangi ileile. Mvua kubwa zilikuwa zimelijaza tangi uchafu wa mlima mzima. Yeye aliyachemsha maji, ni kweli, akaviua vyote, lakini maiti zao zilibaki mle mle na ziliingia kwenye dawa na kulala juu ya slaidi za watu.

"Kwa hiyo maji ya kwenu," Mzee Damiano akaanza, kisha akauona uso wake, akanyamaza. Katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja, hiyo ndiyo mara pekee aliyoacha utani nusu.

Gaudiosa aliona aibu, aibu ya kweli inayomfanya mtu atembee akitazama chini. Si kwa sababu ya kukosea tu. Alikosea kwa kujivuna. Hakuna kitabu kilichomwambia maji ya mlimani ni safi kuliko ya ziwani. Alizaliwa nalo jambo hilo, akalipandisha likawa sheria ya maabara. Na wakati yeye anaandika barua ya kujisifu kwa mama yake, kuna watu walikuwa wanatengewa sahani.

Aidan alisikiliza maelezo yote, akakuna kidevu.

"Wageni wanakuja wiki ijayo," alisema. "Tungesubiri wapite. Tunabadili maji kimya kimya, hesabu inashuka yenyewe, hakuna anayeumia."

"Na wanaomeza dawa?"

"Hao tutawaambia wamepona mapema." Aidan mwenyewe aliposikia alichokisema, akatazama pembeni. "Dada, ninachoogopa ni hiki. Watu hawa imetuchukua mwaka mzima kuwafanya watoe makohozi yao bila kuona haya. Ukiwaambia mashine ilikosea, nani atakuja tena? Hata wale wagonjwa kweli hawatakuja."

Hapo alisema kweli, na ndilo lililomnyima Gaudiosa usingizi. Akinyamaza, watu wazima wa afya watameza dawa kali miezi minane. Akisema, mgonjwa wa kweli atakufia nyumbani kwa kutoiamini maabara. Alfajiri ilimkuta hajapata njia ya tatu. Aliinuka akanawa uso, akaenda kazini, akamwambia Aidan kwamba atasema.

Kwanza walizipitia slaidi zote kumi na nne. Tano zilijaa vijiti ndani ya makohozi yenyewe, vimelundikana, na wenyewe walikuwa wamekonda kweli. Hao hawakuwa na mjadala, waliendelea na dawa. Tisa zilikuwa na vijiti vya kuokoteza. Hao tisa waliitwa tena, wakatoa makohozi mara tatu, yakapimwa kwa maji ya ziwa yaliyochujwa, kila mara kukiwa na kioo kitupu pembeni kama shahidi, na Aidan akawasikiliza vifua na kuwapima uzito. Hakupatikana kitu kwa hata mmoja.

Gaudiosa aliwaendea nyumba kwa nyumba, Mzee Damiano akimsindikiza. Hakutaka waambiwe kwa barua. Mzee mmoja alisikitika, maana alisema vidonge vile vilimpa hamu ya kula. Mama mmoja alilia kwa kuwa alimpeleka mwanawe mdogo kwa bibi yake, kijiji cha Mbaha, asimwambukize, na mtoto sasa anamwita bibi huyo mama. Mwingine alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani na kufunga mlango. Gaudiosa alisimama pale nje mpaka Mzee Damiano alipomgusa bega.

Kunigunda alikuwa kwenye moshi wake. Alisimama wima, akafuta mikono, akamsikiliza.

"Kwa hiyo sina."

"Huna, Mama Getrude. Hukuwa nao. Kosa ni langu, la maji niliyoyachagua mimi. Naomba unisamehe."

"Nilikuambia sina."

"Uliniambia."

"Wachuuzi wangu wamekwenda kwa mke wa Antoni. Mwanangu Getrude ameogopa kunikumbatia mwezi mzima. Halafu wewe unakuja hapa na samahani yako." Sauti yake ilipanda mpaka watu wakatoka majumbani. "Hayo uliyoniambia mimi utawaambia na wao?"

"Jumapili," Gaudiosa akasema. "Kanisani kwenu na kwetu."

Na kweli Jumapili alisimama mara mbili, asubuhi kwa Waanglikana na baadaye kwa Wakatoliki wenzake. Hakutaja jina la mgonjwa yeyote isipokuwa la Kunigunda, aliyekuwa ametaka mwenyewe litajwe, tena kwa sauti. Alieleza habari ya tangi na ya vijidudu vilivyokufa. Alipofika mahali pa kusema kwamba maji ya ziwa ndiyo yaliyokuwa salama na ya mlimani ndiyo yaliyomdanganya, kanisa zima la Waanglikana liliangua kicheko, na Mzee Damiano, mzee wa kanisa, alilazimika kutoka nje akajikohoze. Padri wa upande wa pili, ambaye alikuwa Mmatengo, mtu wa milimani kama Gaudiosa, hakucheka sana.

Bwana Mansuetus alipopata barua ya Gaudiosa ya kueleza kosa lile aliteremka na pikipiki siku hiyohiyo, na safari hii helmeti aliivua kwa kishindo. Alisema mambo mengi kuhusu mkoa, wageni na aibu. Gaudiosa alimkalisha kwenye stuli, akamwonyesha kioo kitupu kilichooshwa kwa maji ya tangi. Bwana Mansuetus alitazama, akatazama tena. Alipoondoka alikuwa amebeba vioo vitupu kumi na viwili kwenye mkoba, akajaribu maji ya kila maabara ya wilaya, na vituo viwili vingine vikakutwa na ugonjwa uleule wa mabomba. Tangu mwaka ule ikawa amri ya wilaya kwamba kila maabara ipime kioo kitupu kila wiki kabla haijapima mtu. Hadubini ya taa, hata hivyo, ilikwenda na wageni wake kituo kingine, na jina la Gaudiosa liliondolewa kwenye orodha ya kozi. Lilikuja kurudishwa baada ya miaka miwili.

Aliyoyahofia Aidan nayo yalitokea. Jumatatu hakuja mtu. Jumanne hakuja mtu. Wiki nzima ikapita na vikopo vimepangwa mezani vikimtazama. Watu walimsalimia vizuri njiani, wakamtania maji, wakampa usipa wa kitoweo, lakini wakikohoa walimgeuzia mgongo. Dukani barabarani walinunua vidonge vya kifua wakajitibu wenyewe. Gaudiosa alipima kioo chake kitupu kila asubuhi, akakiona kitupu, akakaa. Wiki ya pili alianza kufikiri kwamba labda amewaokoa watu tisa na kuwapoteza wengine asiowajua.

Alhamisi ya wiki ya tatu, Kunigunda alitokea mlangoni. Alikuwa amemshika mumewe shati, nyuma ya kola, kama mtu anavyomkamata kuku wa sokoni.

"Huyu mpime."

"Mimi nina baridi tu," Placidi akasema, na sentensi hiyo fupi ilimmalizia pumzi. Mifupa ya mabega yake ilionekana kupitia shati. "Na wewe mke wangu, si ndiye uliyesema kijiji kizima kwamba mashine hii ni mwongo?"

"Nilisema. Na huyu dada akaja mpaka penye moshi wangu akaniambia nimesema kweli." Kunigunda akamkalisha kwenye benchi. "Wewe tangu unioe hujanikubalia kosa lako hata la chumvi. Toa makohozi."

Gaudiosa alipaka slaidi mbili, moja ya Placidi na moja tupu. Jua lilikuwa la kutosha. Alitazama ile tupu kwanza, akamwita Kunigunda naye atazame, akamfundisha kufumba jicho moja.

"Sioni kitu. Bluu tu."

"Ndivyo inavyotakiwa. Sasa hii."

Kunigunda aliinama juu ya ile ya pili.

"Hivi vyekundu?"

"Hivyo, Mama Getrude."

"Ni vingi."

"Ni vingi. Lakini ni ugonjwa wa dawa, na dawa zipo hapa kwenye kabati. Tunaweza kuanza leo."

Placidi aliinuka kwenye benchi akaomba na yeye aone. Walimpisha. Alishikilia meza kwa mikono miwili, akatazama kwa muda mrefu kuliko mkewe, kisha akakaa tena, hana ubishi wowote uliobaki usoni.

"Na ukija kugundua umekosea tena?" akamuuliza Gaudiosa.

"Nitakuja nyumbani kwako kukuambia mwenyewe, kabla hujaniuliza."

Placidi akanyoosha mkono apewe vidonge.